Maji Yalipogeuka, Nikanyamaza

Usiku ule nililala na vumbi la mbao kichwani, sijaoga, kwa sababu sikutaka kugusa maji. Nalisema hili mapema ili ijulikane nilivyokuwa kwa miezi mitano, tangu binamu yangu Eliamani achukuliwe na kijito. Mke wangu, Nanzia, alikuwa akinichotea maji ya kunawa kwa kikombe, kama mtu anayeuguza, na hakuwahi kuniuliza.

Mchana wa siku hiyo nilikuwa nimekwenda kwa shangazi yangu, mama yake Eliamani, kumfungia mlango wa banda la mbuzi. Nilikuwa juu ya kigoda napigilia bawaba, yeye amesimama chini ameshika misumari. Upande wa pili wa ua, jirani alimwita mwanawe, mtoto asiitike. Akamwita tena. Kisha akapaza sauti:

"Wewe! Umekuwa Eliamani?"

Watoto wakacheka. Siku hizi ndivyo wanavyosema kijijini kwetu. Asiyesikia akiitwa ni Eliamani. Mbuzi akikataa kutoka shambani ni Eliamani. Hata kwenye msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja ya kuchimba mfereji, nimesikia watu wazima wakitaniana hivyo, kisha wakaniona wakanyamaza.

Shangazi alinipa msumari mmoja, halafu mwingine. Baadaye akasema, bila kunitazama:

"Waache waseme, baba. Si kweli? Wewe mwenyewe ulimwita mara tatu. Alikuwa mkaidi tangu ananyonya, yule. Namlilia, halafu namkasirikia, halafu naona aibu kumkasirikia marehemu. Sijui nimweke wapi."

Shangazi huniita baba kwa sababu nina jina la baba yake. Nilipiga msumari ukapinda. Maneno hayo ya mara tatu ni yangu. Siku tulipouleta mwili, baada ya kuutafuta siku mbili, alinishika mabega mbele ya watu wote akaniuliza, "Ulimwita?" Nikasema nilimwita. Mtu mmoja nyuma akauliza, "Mara ngapi?" Nikasema mara tatu, akakataa kutoka majini. Maneno yakazunguka, yakafika hapo yalipofika. Na mimi sikumwita hata mara moja.

Basi nikalala.

Sikujua kama nimelala. Niko karakanani kwangu, jua linawaka, napiga randa ubao wa mkaratusi. Maranda yanaanguka miguuni kama kawaida, ila yanaanguka kwa sauti ya kitu kilicholowa. Nikainama kuyashika. Yalikuwa ya baridi, yamejaa mchanga wa mtoni. Nilipoinuka, Eliamani alikuwa amesimama mlangoni.

Amekunja suruali mpaka magotini, kama siku ile. Kanga ya mama yake iko shingoni. Paji la uso limepasuka pale pale tulipolikuta limepasuka, lakini halitoki damu. Linatoka maji, maji safi, yanashuka puani na kudondoka kidevuni, naye hayafuti.

Yeye ni mtoto wa shangazi, mimi wa mjomba, watani tangu kuzaliwa. Aliniita Randa, mimi nilimwita Pasipoti, kwa sababu ya zile picha ndogo alizokuwa akipiga kwenye studio yake chini sokoni. Hata katika ndoto nilifikiri amekuja na utani.

"Randa," akasema. "Umenenepa kwa msiba wangu."

Nikacheka. Kweli nilicheka. Nikasema, "Karibu, Pasipoti, keti." Yeye akachukua nyundo yangu, akaipima uzito mkononi, akaipiga meza. Meza ile niliitengeneza mwenyewe kwa mbao za inchi mbili. Ilipasuka kama biskuti. Akapiga dirisha. Akapiga kabati la mteja, milango yote miwili ikaruka. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililonitisha. Alipiga kama mtu aliyepewa kazi na anataka kuimaliza kabla ya chakula cha mchana. Nikanyoosha mkono nimzuie, nyundo ikatua juu ya vidole vyangu. Maumivu sikuyasikia. Nilisikia mifupa tu, jinsi inavyolia.

"Hivyo ndivyo vilivyoshika stendi ya kamera," akasema.

Kisha akanikamata ukosi akanivuta, na hatukupitia mlangoni. Tulipitia ukutani, mbao zikinichana mbavu huku na huku.

Tuko njiani tunapanda, yeye mbele, mimi naburutwa. Hapa inabidi nieleze tulikuwa na kazi gani kijitoni, maana asiyejua atadhani tulikwenda kuogelea.

Ndani ya studio ya Eliamani kulikuwa na pazia kubwa lililochorwa maporomoko ya maji. Ni maji ya nchi gani hatukujua, lakini pembeni yake palikuwa na miti yenye theluji. Kila aliyefunga ndoa, kila mtoto aliyebatizwa, alisimamishwa mbele ya maji yale. Pazia lile lilimchosha Eliamani. "Sisi tuna maji yetu hapo juu, hayajakauka tangu babu," alikuwa akisema, "halafu watu wa Upare wanapigwa picha kwenye barafu ya watu." Akataka apige picha ya kijito chetu, aichapishe kubwa kama ukuta, ailete iwe pazia.

Na alitaka maji yaonekane laini, kama maziwa yanayomwagwa. Kwa hilo jicho la kamera lazima likae wazi muda mrefu, na mchana mwanga ni mwingi mno, picha inaungua. Yeye akapata akili ya kwenda kwa fundi wa kuchomelea vyuma, akaomba kipande cha kile kioo cheusi wanachojikinga nacho macho, akakifunga mbele ya lenzi kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Kwa kioo kile aliweza kuliacha jicho wazi kwa hesabu ya thelathini. Mimi nilimtengenezea stendi ya mti ya miguu mitatu. Mkondo ulikuwa unaitikisa, kwa hiyo kazi yangu ikawa kusimama majini na kuishikilia. Yeye alijifunika kanga pamoja na kamera, mwanga usipenye kwa nyuma, akasema neno moja: "Ganda." Kuanzia hapo hakuna kusogea, hakuna kukohoa, hakuna kusema, mpaka afike thelathini na aseme "Haya."

Picha mbili za mwanzo niliziharibu mimi. Ya kwanza nilipiga chafya. Ya pili kaa mdogo alinipanda mguuni, nikapiga ukelele kama nimeona chui. Eliamani alitoka ndani ya kanga amevimba.

"Randa, mdomo wako haujui kufungwa? Kaa! Kaa mmoja! Ukitikisika tena nakugandisha kwa misumari yako mwenyewe."

Tulicheka wote. Lakini mimi nilicheka nikiwa nimeumia, na sikumwambia.

Hayo yalitokea kweli. Sasa narudi kwenye ndoto.

Tumefika. Mawe ni yale yale, jua ni lile lile, hakuna wingu hata moja. Stendi imekwisha kusimama majini, na pale maji yanapogusa miguu yake, mti unatoka damu kama ndama aliyekatwa. Eliamani akanisukuma ndani mpaka mapajani. Akavichukua vidole vyangu vilivyovunjika, akavizungusha kwenye mguu wa stendi, kimoja kimoja, akivikaza kama mtu anayefunga mzigo.

"Ganda."

Nikaganda. Akajifunika. Akaanza kuhesabu.

Moja. Mbili. Sauti yake chini ya kanga ni ya mtu mzima asiye na wasiwasi. Kumi. Kumi na moja. Maji ni meupe, yananipita kati ya miguu. Kumi na sita. Jani moja likapita. Kumi na saba. Majani mengi, mabichi, yaliyonyofolewa na vijiti vyake. Kumi na tisa, na maji yakageuka. Yakawa rangi ya chai. Harufu ya udongo ikanipanda puani, na nyayo zangu zikasikia mawe yanatetemeka kabla masikio hayajasikia lolote.

Kila aliyezaliwa kwenye milima yetu anajua maana yake. Mtoto wa miaka minne anajua. Mvua imenyesha juu msituni, huku chini jua linawaka, na maji yanakuja. Hungoji kuyaona. Unapiga kelele na kutoka.

Mimi nilijua. Wala sikudhani ni kitu kingine. Nilijua kwenye kumi na tisa, nikajiambia: zimebaki kumi na moja. Nikajiambia: nikisema sasa, ataniambia mdomo wangu haufungwi. Nikahesabu naye moyoni. Ishirini. Ishirini na moja. Mara hii moja nilitaka asinikute na kosa.

Siku ile ya kweli, katika picha ya tatu, maji yalifika kwenye ishirini na sita. Niliachia stendi nikarukia mwamba. Yeye alikuwa ndani ya kanga, na hesabu yake mwenyewe na kelele za kijito zimemjaa masikioni. Alisema "ishirini na sita" na hapo hapo ikakatika. Kanga ilikwenda, stendi ilikwenda, yeye alikwenda, na gogo zima la mti, na mizizi yake, likapita juu yao.

Katika ndoto maji hayakuja. Yalisimama nyuma ya kona, yakinguruma mahali pamoja, kama mbwa aliyeshikwa na mnyororo. Eliamani akafunua kanga akanitazama.

"Uliniita?"

Nami, Mungu anisamehe, nikajibu kama nilivyozoea kujibu. "Nilikuita."

Akanishika kisogo akanizamisha.

Maji ya chini hayakuwa maji. Yalikuwa mawe yanayotembea. Yalinigonga taya, yakanigonga goti, jino moja likakatika nikalimeza. Mpini wa jembe ukapita, ukanichoma ubavuni. Mbuzi aliyekufa akapita, pembe zake zikanasa shatini, akanivuta kwa nguvu kuliko alivyoweza kuvuta akiwa hai. Na huko juu nasikia Eliamani anahesabu, polepole, bila haraka. Anafika thelathini, anaanza upya. Nilipofungua mdomo kupiga kelele, tope likaingia lote kwa mara moja, kama uji anaolishwa mtoto kwa nguvu.

Akanitoa kwa nywele.

"Uliniita?"

"Nilikuita, Eli."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu."

Hapo akacheka. Alicheka kile kicheko chake cha studio, cha kumchekesha mtoto anayelia ili apigwe picha.

"Sikieni! Randa anayepigia kelele kaa mmoja kama nyumba inaungua. Huyo aliniita mara tatu, nami sikumsikia!"

Akang'oa mguu wa stendi akanipiga nao usoni. Ulikuwa mguu wangu mwenyewe, nimeuchonga mwenyewe, nikaujua kwa fundo lake lilipogusa shavu. Akapiga tena. Akapiga sikio. Akapiga mkono nilioinua. Sikumwomba aache. Kitu fulani ndani yangu kilikuwa kinasema: piga, Eliamani, piga mpaka neno litoke lenyewe. Lakini halikutoka. Nilikuwa nakufa kwa kipigo na bado naulinda uongo wangu, kama mtu anayeungua na nyumba huku amekumbatia godoro.

Nikafumba macho. Nilipoyafumbua, tulikuwa studio.

Shangazi ameketi kwenye kiti cha wateja, amevaa gauni lake la kanisani, mikono juu ya magoti, kidevu juu, anasubiri kupigwa picha. Nyuma yake lile pazia lenye miti ya theluji linavimba. Linavimba kama tumbo. Mshono wa katikati unaachia uzi mmoja mmoja, na katika kila tundu maji ya chai yanaruka. Shangazi hageuki. Ameambiwa agande. Yamefika kwenye vifundo vya miguu yake, yamefika magotini, yamelifunika gauni, yamefika kifuani, naye bado anaitazama kamera kwa adabu.

Nataka kumwita. Naita, na sauti hainitoki. Nikapapasa mdomo kwa vidole vile vilivyovunjika. Midomo yangu imepigiliwa misumari, ya inchi tatu, vichwa vyake vimepangwa vizuri kama kazi ya fundi. Nikajua ni kazi yangu. Nilizijua nafasi zake.

Pazia likapasuka lote.

Lakini maji yaliposhuka hatukuwa studio tena. Tuko uani kwa shangazi, siku ya msiba, watu wamejaa. Eliamani amelazwa katikati juu ya mkeka, macho wazi. Watu wamepanga mstari kama wanaokwenda kutupia udongo kaburini. Wa kwanza alikuwa yule jirani, mama wa mtoto asiyeitika. Ameshika jiwe la mtoni, la mviringo, lililolainishwa na maji.

"Aliitwa," akasema, akampiga nalo kifuani.

Akaja mwingine. "Mkaidi." Jiwe likatua begani, bega likashuka. Akaja mzee mmoja, akavua kofia kwanza kwa heshima, akasema "Aliitwa, masikini," akapiga. Wakaja wanawake wa kwaya. Wakaja vijana wa mfereji, wanasukumana, wanacheka, "Wewe Eliamani, wewe!" wanapiga. Watoto walirusha kokoto, nao wanalenga macho. Mbavu zake zilikuwa zinavunjika moja baada ya nyingine, kwa sauti ile ile ya vidole vyangu. Yeye hakulia wala hakujikinga. Kila jiwe lilipotua hakumtazama aliyelirusha. Alinitazama mimi.

Nikajiuliza mawe mengi hivi yanatoka wapi, maana kijito kiko mbali. Nikatazama chini. Kuna tenga miguuni pangu. Mimi ndiye ninayegawa. Kila anayefika mbele yangu nainama, nachagua jiwe linalomfaa mkono wake, namkabidhi kwa mikono miwili, na yeye anasema asante, pole sana.

Shangazi alikuwa wa mwisho.

Nilitaka kulificha tenga. Nilitaka kulipiga teke. Mikono yangu ikainama yenyewe, ikachagua kubwa kuliko yote, ikampa. Akalipokea. Akaenda taratibu, akapiga magoti kando ya mwanawe, akalinyanyua juu kwa mikono miwili kama anashika mchi, akalishusha mdomoni mwa Eliamani.

Meno yalitawanyika mkekani kama mahindi.

Hata ule mngurumo wa maji nyuma ya kona ulinyamaza. Eliamani akainuka akaketi. Uso wake ulikuwa umekwisha, lakini aliposema alisema kwa upole, kama mtoto anayemwonyesha mama yake kitu:

"Mama, jiwe hilo umepewa na nani?"

Shangazi akalitazama lile jiwe. Akaninyanyulia macho. Hakunitaja. Alinitazama tu, na nilivyomwona, bado hajaelewa, bado alikuwa ananiamini, na hapo ndipo nilipopata maumivu yote niliyokuwa sijayapata tangu mwanzo: vidole, mbavu, jino, shavu, vyote kwa pamoja.

Eliamani akaja kwangu. Akashika msumari wa kwanza mdomoni mwangu kwa vidole viwili, akauvuta. Ulitoka na nyama. Akavuta wa pili. Alikuwa anahema, kazi ilikuwa ngumu, mguu mmoja ameukanyaga kifuani kwangu apate nguvu. Wa mwisho ulipotoka nilitaka kusema nisamehe. Nikafika "nisa". Akaniziba mdomo kwa kiganja. Kiganja kilikuwa cha baridi na kilinuka udongo wa mvua.

"Kufa nimekufa," akasema. "Maji sina kesi nayo, na wewe sina muda nawe. Mwambie mama sikuitwa."

Nikaamka.

Mdomo wangu ulikuwa umejaa damu, nimeuma ulimi. Nanzia alikuwa amenikalia mikono yote miwili, kwa uzito wake wote, anahema. Dirishani palikuwa pameanza kupambazuka, nikaona shavu lake limevimba chini ya jicho.

"Umenipiga," akasema. "Mara mbili. Ulikuwa unapigana na nani?"

"Eliamani."

Akaniachia mikono. Akanipa kitambaa nifute mdomo. Nikamwambia pale pale, kabla sijapata nafasi ya kutengeneza maneno: sikumwita. Niliona maji yakigeuka, nikanyamaza, nikangoja amalize picha yake.

Alikichukua kile kitambaa, akakikunja damu ikawa ndani. Kisha akasema:

"Nilijua kuna kitu. Mtu aliyemwita mwenzake haogopi beseni."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ungenidanganya na mimi, tungekuwa wawili." Akagusa shavu lake, akauma meno. "Vaa shati. Usinieleze mimi zaidi. Mimi siye niliyezika mwana."

Asubuhi ile ilikuwa ya msaragambo. Baragumu lililia nikiwa njiani, watu wakaanza kutoka majumbani na majembe, wanakwenda kuurudishia ukingo mfereji uliobomolewa na maji yale yale ya Eliamani. Wakanisalimia, nikawaitikia. Mmoja akaniuliza, "Fundi, umegombana na mke?" kwa sababu ya mdomo. Nikasema ndiyo, kisha nikarudi hatua mbili nikamwambia, "Hapana, si kweli." Akanishangaa akaenda zake.

Shangazi alikuwa jikoni, anapuliza moto. Nilimwamkia, "Shikamoo, shangazi." "Marahaba, baba, mbona mapema? Mlango uko salama." Sikuketi. Nilimwambia nimetumwa. Akauliza nimetumwa na nani, nikamwambia. Akaweka chini kile kijiti cha moto.

"Amesema nini?"

"Amesema, mwambie mama sikuitwa."

Hakushtuka. Nilitegemea ashtuke. Alinitazama kama anayemtazama mtu anayezungumza lugha ngeni.

"Si ulimwita wewe."

"Sikumwita, shangazi. Nilidanganya. Maji yaligeuka rangi nikayaona, yeye amejifunika anahesabu. Nilinyamaza ili nisiharibu picha."

"Uliyaona yakigeuka?"

"Niliyaona."

"Alikuwa kwenye ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Yakamchukua kwenye ngapi?"

"Ishirini na sita."

Midomo yake ikaanza kutembea. Alikuwa anahesabu, kwa vidole, kwa sauti ndogo, na alihesabu kwa mwendo wa mtu aliye chini ya kanga. Alipofika saba vidole vilisimama. Zilikuwa nyingi. Katika muda ule mtu angeweza kumaliza sala fupi. Angeweza kutoka majini na kiatu akavaa.

Akachukua ukuni, usiowaka, akanipiga nao begani. Akanipiga tena shingoni. Sikusogea. Pigo la tatu lilikuwa dhaifu, likanigusa tu, na ukuni ukamponyoka. Akaketi chini kwenye majivu, akafunika uso kwa mikono.

"Kwa hiyo hakunikaidi," akasema ndani ya viganja.

"Hakukaidi mtu."

"Miezi mitano nimemtukana kaburini."

Nje majembe yalikuwa yanapita, watu wanaongea, mmoja akamwita mwenzake aliyebaki nyuma, hakuitikiwa, na nikajua neno gani linafuata kabla halijasemwa. Likasemwa. Kicheko kikafuata.

Shangazi akainuka. Hakujipangusa majivu. Akanishika mkono wa shati, akauzungusha kwenye ngumi yake, akanitoa jikoni, akanipitisha uani, akanifikisha njiani mbele ya watu wale wote. Walikuwa kama ishirini, na yule jirani kati yao, na mwanawe nyuma yake.

"Simameni," akasema. "Huyu ana neno."

Wakasimama. Nikalisema. Nilisema Eliamani hakuitwa, nilisema mimi ndiye niliyeona na kunyamaza, nilisema mara tatu zile nilizitunga mwenyewe siku ya mwili. Damu ilikuwa inanijaa mdomoni, ikabidi niteme katikati ya maneno. Hakuna aliyesogea. Jirani aliushusha mkono wake akaushika mkono wa mtoto.

Shangazi hakuachia shati langu.

"Tena," akasema. "Wa nyuma hawajasikia."